Dakika 30 kwenye simu: je, zinaweza kumsaidia kijana anayejiumiza?

Vijana wengi wanaojiumiza kwa siri hawafiki kwa munganga. Mama hajui, baba hajui, mwalimu haoni kitu. Lakini simu iko mkononi mwao, hata usiku wakati nyumba yote imelala. Ndiyo sababu watafiti wa Marekani walitengeneza programu fupi za intaneti ambazo kijana anazifuata peke yake, mara moja tu, kwa karibu dakika 30, bila kuonana na mtaalamu yeyote.

Mashariki mwa Kongo wazo hilo linaweza kuvutia zaidi kuliko kwingine. Miaka ya vita imeacha vijana wengi na majonzi ambayo hayana pa kupelekwa. Wataalamu wa afya ya akili ni wachache, na wengi wao wako mijini. Tena, tangu Marekani ilipofunga shirika lake la misaada USAID katikati ya mwaka 2025, fedha za kazi nyingi za afya na za kusaidia wahamaji zimepungua. Wakati fedha zinakosekana, programu isiyoomba mshahara wala usafiri inaonekana kama jibu lililoshuka kutoka mbinguni.

Matokeo ya majaribio yaliyokwisha kutangazwa yanaomba tahadhari. Nusu saa inaweza kupunguza chuki ya kijana juu ya nafsi yake na kumpa hamu ya kuacha kujiumiza. Lakini nusu saa peke yake haijaonyesha kwamba inamfanya aache. Pale ambapo mabadiliko makubwa yalionekana, kulikuwa na mtu nyuma ya simu.

Kujiumiza si kutafuta sifa

Wataalamu wanatofautisha kujiumiza na kujaribu kujiua. Kijana anayejiumiza mara nyingi hatafuti kufa. Anatafuta kutuliza hisia ambazo zimemzidi nguvu: hasira, aibu, huzuni, au ule utupu wa moyo unaomfanya ajione kama hayupo. Wengine wanafanya hivyo ili kujiadhibu, kwa sababu wanaamini kwamba wao ni wabaya na hawastahili kupendwa. Utulivu unaopatikana ni wa muda mfupi, kisha aibu inarudi na siri inazidi kuwa nzito.

Tofauti hiyo haina maana kwamba hatari haipo. Kijana anayejiumiza mara kwa mara yuko katika hatari kubwa zaidi ya kujaribu kujiua siku za mbele kuliko wenzake. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba watu 727 000 walikufa kwa kujiua mwaka 2021, na karibu asilimia 73 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kongo iko katika kundi hilo.

Tena si jambo la watoto wachache. Uchambuzi uliotangazwa mwaka 2014, uliokusanya tafiti kutoka nchi mbalimbali, nyingi zikiwa nchi tajiri, ulionyesha kwamba vijana wapatao 17 kati ya 100 walikuwa wamejiumiza angalau mara moja maishani. Mara nyingi tabia hiyo huanza kati ya miaka 12 na 14. Ni umri ambao mtoto anatoka shule ya msingi na kuingia sekondari, mwili wake unabadilika, na maneno ya wenzake yanaanza kumchoma kuliko ya wazazi.

Katika familia nyingi za Kivu na Ituri, jambo kama hilo likigunduliwa, jibu la kwanza ni fimbo, au safari ya kwenda kwenye chumba cha maombi. Kuna wanaosema mtoto ana pepo, kuna wanaosema anaiga mambo ya wazungu. Katika hali zote mbili mtoto anajifunza somo moja: safari ijayo afiche vizuri zaidi.

Kwa nini mara moja tu?

Mtu aliyezoea kusikia kwamba matibabu ya akili yanachukua miezi anaweza kushangaa. Wazo la kikao kimoja lilitokana na mambo mawili yanayoonekana hata katika nchi tajiri. Kwanza, vijana wengi wenye shida hawapati msaada wowote. Pili, wengi wanaoanza matibabu wanakuja mara moja au mbili tu, kisha hawarudi. Kama kijana atakuja mara moja tu, watafiti walijiuliza, ni kitu gani chenye faida kinachoweza kufanyika siku hiyo hiyo?

Mmoja wa wanaojulikana zaidi katika kazi hiyo ni mwanasaikolojia Jessica Schleider, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Stony Brook katika jimbo la New York na ambaye sasa yuko Chuo Kikuu cha Northwestern. Mwaka 2017, yeye na John Weisz wa Harvard walikusanya majaribio 50 ya msaada wa kikao kimoja kwa watoto na vijana, yenye washiriki zaidi ya 10 000. Kwa jumla, waliopata kikao hicho walikuwa na hali nzuri kidogo kuliko wale ambao hawakukipata.

Programu za timu yake zinajengwa juu ya nguzo nne. Kwanza, kijana anaelezwa kwa lugha nyepesi namna ubongo unavyoweza kubadilika, ili aone kwamba hali yake ya leo si hukumu ya milele. Pili, anapewa nafasi ya msaidizi, si ya mgonjwa: anaombwa kushiriki ili kuwafaa vijana wengine. Tatu, anasoma ushuhuda wa vijana wenzake waliopita njia hiyo. Nne, yeye mwenyewe anaandika ushauri kwa kijana mwingine mwenye shida kama yake. Nguzo hii ya mwisho ina maana yake: mtu anayemshauri mwenzake kwa maneno yake mwenyewe anaanza kuyaamini maneno hayo.

Mwaka 2022 timu hiyo ilitangaza jaribio kubwa lililofanyika wakati wa COVID-19, likiwa na vijana 2 452 wa miaka 13 hadi 16 kutoka majimbo yote ya Marekani. Walikuwa na dalili za unyong'onyevu mkubwa, ugonjwa ambao wengi huku wanauita kwa Kifaransa dépression. Miezi mitatu baadaye, wale waliofuata programu walikuwa na dalili chache kidogo kuliko kundi la ulinganisho. Faida ilikuwa ndogo. Lakini faida ndogo kwa kila mtu, ikifikia maelfu ya vijana kwa gharama ya chini, si kitu cha kudharau.

Kilichobadilika na kisichobadilika

Jaribio hilo lilihusu unyong'onyevu. Kuhusu kujiumiza kwenyewe, jaribio la kutazama ni la programu iitwayo Project SAVE, lililotangazwa mwaka 2021 na Mallory Dobias, Schleider, Kathryn Fox na mwenzao. Walishiriki vijana 565 wa miaka 13 hadi 16 ambao walikuwa wakijiumiza. Nusu walifuata Project SAVE, wengine programu nyingine ya kuwafariji.

Mara tu baada ya kikao, waliofuata Project SAVE walijichukia kidogo kuliko mwanzo, na hamu yao ya kuacha kujiumiza ilikuwa imeongezeka. Wengi walisema programu iliwafaa. Lakini miezi mitatu baadaye, watafiti hawakuona tofauti kati ya makundi mawili: si katika idadi ya mara ambazo vijana walijiumiza, si katika mawazo ya kutaka kufa.

Watafiti wenyewe waliandika matokeo hayo waziwazi, na ni vizuri yasomwe hivyo hivyo. Programu ilifungua mlango, lakini kijana alipopita hakukuta mtu upande wa pili. Hamu ya kuacha ni kitu kikubwa. Mtu asiye na hamu hasaidiki kirahisi. Ila hamu ya siku moja, bila mtu wa kuitegemeza, inapoa kesho yake wakati shida zile zile zinarudi: ugomvi nyumbani, matusi shuleni, njaa, kumbukumbu mbaya.

Mfano wa pili unatoka Sweden. Mwaka 2023 watafiti wa Taasisi ya Karolinska ya Stockholm na wenzao walitangaza jaribio la vijana 166 wa miaka 13 hadi 17 waliokuwa wakijiumiza mara kwa mara. Hapa pia msaada ulipitia kwenye intaneti, lakini si kwa nusu saa. Ulichukua wiki 12. Kila kijana alikuwa na mtaalamu aliyesoma majibu yake na kumwandikia, na wazazi walikuwa na masomo yao pembeni. Kundi la pili lilipata matibabu ya kawaida tu.

Mwezi mmoja baada ya programu kwisha, kujiumiza kulikuwa kumepungua kwa asilimia 82 katika kundi la kwanza, na kwa asilimia 47 katika kundi la pili.

Intaneti ilitumika katika nchi zote mbili. Sweden iliongeza muda, mtaalamu anayejibu, na mzazi anayejua. Majaribio hayo mawili hayakufanana katika kila jambo, kwa hiyo hayawezi kupimwa kwa mizani moja. Lakini yanaonyesha upande gani wa kuangalia.

Suala la mzazi lina ugumu wake. Katika jaribio la Marekani la mwaka 2022, vijana waliruhusiwa kushiriki bila idhini ya wazazi, kwa sababu kuna watoto ambao wasingeomba msaada kama ingebidi baba ajue kwanza. Sweden ilimleta mzazi ndani. Njia ya kwanza inawafikia wale waliojificha. Ya pili inawashika wale waliokwisha kujitokeza. Nchi inayotaka kuwasaidia vijana wake inahitaji zote mbili, na inahitaji kujua namna ya kumtoa kijana kwenye ya kwanza na kumfikisha kwenye ya pili.

Jirani alianza na watu

Mfano ulio karibu zaidi unatoka Kenya, na jina lake ni la Kiswahili: Shamiri. Kazi hiyo iliongozwa na Mkenya Tom Osborn. Mwaka 2020 alitangaza pamoja na wenzake jaribio la kikao kimoja cha kompyuta kwa vijana 103 wa miaka 13 hadi 18. Walifundishwa kwamba mtu anaweza kubadilika na kukua, walikumbushwa kushukuru, na kufikiri juu ya mambo wanayoyathamini maishani. Wiki mbili baadaye, dalili za unyong'onyevu zilikuwa zimepungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma.

Lakini Shamiri haikukaa kwenye kompyuta. Katika jaribio jingine lililotangazwa mwaka 2021, lenye wanafunzi 413, masomo yale yale yaligawanywa katika vikao vinne vya saa moja, mara moja kwa wiki, katika vikundi vidogo. Walioongoza vikundi hawakuwa wanasaikolojia. Walikuwa vijana waliomaliza sekondari, waliopewa mafunzo mafupi na kusimamiwa. Dalili za unyong'onyevu na wasiwasi zilipungua, na faida hiyo ilionekana hata miezi saba baadaye.

Majaribio ya Kenya hayakupima kujiumiza, na hayawezi kunukuliwa kama dawa ya jambo hilo. Kinachohusu Kongo ni njia iliyochukuliwa. Nchi yenye wataalamu wachache haikungoja wataalamu waongezeke, wala haikuwaachia vijana simu tupu. Iliwatumia watu iliokuwa nao.

Goma, Bukavu, Bunia: nani ataitika?

Mashariki mwa Kongo nako kuna watu. Kuna watumishi wa msaada wa kisaikolojia na kijamii wanaoitwa APS, ambao kwa miaka mingi wamewasikiliza waathirika wa ubakaji na wa vita. Kuna reko, wanaopita nyumba kwa nyumba katika zone za afya. Kuna walimu, viongozi wa skauti, wamama wa kanisa. Goma kuna kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu na Bukavu kuna SOSAME, vyote viwili vikiwa kazi ya Mabradha wa Upendo. Hospitali ya Panzi ya Bukavu nayo imeonyesha kwa miaka mingi kwamba jeraha la mwili na la moyo yanaweza kutunzwa mahali pamoja.

Kinachokosekana ni uzi wa kuwaunganisha watu hao na kijana wa miaka 14 ambaye hajabakwa, hajajeruhiwa na bomu, hana faili yoyote mahali popote, lakini kila wiki anajiumiza.

Programu ya nusu saa inaweza kuwa mwanzo wa uzi huo, kwa masharti. La kwanza ni lugha. Kijana wa Uvira au Beni hawezi kueleza siri ya moyo wake kwa Kifaransa cha darasani, na Kiswahili cha vitabu pia kinaweza kumwacha mbali. Yeye anasema ana mawazo mengi, roho inamuuma, kichwa kimejaa. Programu isiyojua maneno hayo itasomwa kama mtihani.

La pili ni simu yenyewe. Katika nyumba nyingi simu moja inatumiwa na watu wanne au watano. Aliyeandika siri yake saa mbili usiku anaweza kukuta kaka yake ameisoma asubuhi. Programu inayofaa huku ni ile isiyoacha alama, isiyoomba jina, na isiyomaliza mega. Sehemu kubwa ya wakaaji hawana intaneti kabisa, umeme ni wa kubahatisha, na tangu Goma na Bukavu ziingie mikononi mwa AFC/M23 mwanzoni mwa 2025, maisha ya mapato yamezidi kuwa magumu kwa familia nyingi. Redio, ambayo haihitaji mega, inaweza kubeba sehemu ya kazi hiyo: ushuhuda wa vijana na maelezo mepesi kwamba hisia kali hupita.

La tatu ndilo zito kuliko yote. Dakika ya 31, namba gani itaonekana kwenye skrini, na nani ataitika? Marekani, tangu Julai 2022, mtu aliye katika hatari anaweza kupiga au kuandika kwa namba 988 saa zote. Programu zinazotengenezwa kule zina mahali pa kumwelekeza kijana. Programu itakayoletwa Kivu bila jina la kituo, bila APS aliyeandaliwa, bila mwalimu anayejua la kufanya, itamfungua kijana na kumwacha wazi. Kwa mtoto aliyekwisha kuachwa mara nyingi, hilo linaweza kuwa pigo jingine.

Ndiyo maana hoja ya bei nafuu inahitaji kuchunguzwa. Viongozi wa afya na mashirika yanayosema kwamba teknolojia itaziba pengo la misaada waombwe kuonyesha bajeti ya mtu wa nyuma ya simu. Kama bajeti hiyo haipo, pengo litakuwa limefunikwa tu, halijazibwa.

Kabla programu haijafika

Wazazi na walimu hawahitaji kungoja. Mambo ambayo wataalamu wanakubaliana juu yake hayahitaji intaneti.

Anayegundua kwamba kijana anajiumiza asianze na fimbo, wala asimtangaze mbele ya ndugu au darasa. Amwite pembeni na kumuuliza kwa utulivu: «Nimeona una maumivu. Unaweza kuniambia?» Kisha anyamaze asikilize. Wengi wanaogopa kwamba kuuliza juu ya kutaka kufa kunaweza kumtia mtoto wazo hilo. Tafiti hazionyeshi hivyo. Mara nyingi kijana anapumua kwa kuona kwamba hatimaye kuna mtu aliyethubutu kuuliza.

Kama ana jeraha, apelekwe kituo cha afya na atunzwe kwa heshima kama mgonjwa mwingine yeyote. Vitu hatari, pamoja na dawa na sumu za panya au za shamba, viwekwe mbali naye. Kama anasema anataka kufa, au anaaga watu na kugawa vitu vyake, asiachwe peke yake hata kwa saa moja, na apelekwe hospitali au kituo cha afya ya akili kilicho karibu siku hiyo hiyo. Mzazi anayetaka kuomba pamoja na mtoto wake anaweza kuomba. Sala haikatazi munganga, na munganga hakatazi sala.

Kwa kijana mwenyewe anayesoma habari hii, ujumbe unaorudi katika programu zote hizo ni kwamba chuki anayojisikia juu ya nafsi yake inaweza kubadilika, hata kama leo haionekani hivyo. Hatua ya kwanza ni kumchagua mtu mzima mmoja anayeaminika, shangazi, mwalimu, muuguzi, padri au mchungaji, na kumwambia hata sentensi moja. Kama wa kwanza hakusikia, kuna wa pili.

Utafiti wa programu hizi bado unaendelea, na huenda zikaboreshwa. Lakini yanayojulikana leo yanatosha kupanga utaratibu wa kazi: kwanza kutafuta watu watakaoitika, kisha kufungua simu.